Sumu za bakteria zinazoshika mishipa ya fahamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya dirishani, hapa Tabora mjini ninakofanya kazi ya ufamasia. Wanaouliza ni kina mama wa kliniki, vijana wa bodaboda, wafugaji wa nyuki wanaokuja mjini kutoka Sikonge, na siku hizi hata mabinti wanaotaka kujua habari za sindano ya makunyanzi, yaani Botox. Wengi hawajui kwamba wanauliza jambo moja. Pepopunda anayoiogopa mama wa kliniki na sindano anayoitamani binti zinatokana na bakteria wa ukoo mmoja, na kazi ya sumu zao ndani ya mwili inakaribia kuwa ileile. Kinachotofautisha ni mahali sumu ilipofika, na kiasi chake.

Sumu hizi hutoka wapi?

Hutengenezwa na bakteria wa jamii ya Clostridium. Wawili ndio wanaotuhusu: Clostridium tetani, anayeleta pepopunda, na Clostridium botulinum, anayeleta ugonjwa uitwao botulizimu. Wote huishi udongoni, kwenye vumbi na kwenye kinyesi cha wanyama, na wote hawapatani na oksijeni. Hali ikiwa mbaya kwao hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora. Spora huweza kulala miaka mingi, ikavumilia jua kali la Oktoba, ukame, hata maji yanayochemka. Ikiangukia mahali penye unyevu na pasipo hewa, huamka, bakteria huzaliana na sumu huanza kutengenezwa.

Shika tofauti hiyo ya spora na sumu, maana nusu ya majibu yaliyo chini yanaitegemea. Mtu mzima mwenye afya humeza spora pamoja na vumbi la barabarani bila kudhurika. Sumu ni habari nyingine.

Inakuwaje sumu mbili zinazofanana zilete magonjwa mawili yaliyo kinyume, moja kukakamaza na nyingine kulegeza?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Ili msuli ujikunje, neva lazima iupe amri. Mwishoni mwa neva kuna vifuko vidogo mno vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikifika, vifuko husogea hadi kwenye ukuta wa neva, hushikamana nao, kisha hufunguka na kumwaga kemikali hiyo juu ya msuli. Kushikamana huko ni kazi ya protini tatu zinazosokotana: sinaptobrevini, iliyo kwenye kifuko, pamoja na sintaksini na SNAP-25, zilizo upande wa ukuta. Wanasayansi waliofumbua jinsi vifuko vinavyosafirishwa ndani ya seli, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2013.

Sumu zetu mbili zote ni protini zenye vipande viwili vilivyoungana. Kipande kizito huitambua neva na kuiingiza sumu ndani yake. Kipande chepesi, ambacho hutumia madini ya zinki, ni kimeng'enya kinachokata protini, na kinachokata ni zile protini tatu za kushikamana. Sumu ya botulinamu ina aina kuu saba, A hadi G. Aina A na E hukata SNAP-25. B, D, F na G hukata sinaptobrevini. C hukata sintaksini na SNAP-25. Sumu ya pepopunda nayo hukata sinaptobrevini, tena sehemu ileile hasa inayokatwa na botulinamu aina B. Kundi la Cesare Montecucco huko Padova, Italia, ndilo lililolionyesha jambo hilo mwaka 1992.

Ikiwa zinakata kitu kimoja, mbona mgonjwa mmoja anakakamaa kama ubao na mwingine hawezi hata kuinua kope? Sisi wa Tabora jibu tunaliona stesheni. Treni ikitoka Dar es Salaam, hadi hapa njia ni moja. Kuanzia hapa kuna wa Kigoma na kuna wa Mwanza. Sumu hizi pia huingilia mahali pamoja, mwisho wa neva ya msuli, kisha huachana. Ya botulinamu hubaki palepale ilipoingia. Hukata protini, vifuko havimwagi kitu, msuli haupati amri, unalegea. Ya pepopunda husafiri ndani ya neva kurudi nyuma hadi kwenye uti wa mgongo, kisha huhamia kwenye neva jirani ambazo kazi yake ni kutuliza. Hizi hutumia kemikali ziitwazo glaisini na GABA kuiambia misuli ipumzike. Zikinyamazishwa, amri za kujikunja huendelea kumiminika bila wa kuzizuia. Ndiyo maana taya hufunga, mgongo hupinda kama upinde, na kelele ndogo tu ya mlango inatosha kumtia mgonjwa mshtuko wa misuli. Akili yake muda wote ni timamu, anajua kila kinachompata. Kwangu hilo ndilo la kutisha zaidi kuhusu pepopunda.

Kwa nini kiasi kidogo tu kinatosha kuleta madhara?

Kwa sababu ni kimeng'enya. Molekuli moja ikishakata protini moja haiishi kazi, inaendelea na inayofuata. Sumu ya botulinamu ndiyo kali kuliko sumu zote zinazojulikana. Dawa inayotengenezwa kutokana nayo haipimwi kwa miligramu kama paracetamol. Hupimwa kwa yuniti, na kichupa kizima huwa na nanogramu chache tu za sumu yenyewe. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Ni kweli pepopunda huletwa na kutu ya msumari?

Kutu haina kosa. Msumari wa kutu mara nyingi umelala chini, kwenye udongo au zizini, na unapochoma hutengeneza tundu jembamba lenye kina ambalo hewa haifiki. Hapo ndipo spora inapopenda. Msumari mpya uliodondoka kwenye mavi ya ng'ombe ni hatari vilevile. Mwiba wa mgunga, jembe, shoka la kukatia kuni za kukaushia tumbaku, mnyororo wa pikipiki: vyote vimo. Dalili huanza siku 3 hadi 21 baada ya kuumia, mara nyingi kama siku ya nane, na wakati mwingine kidonda kimeshapona na mtu amekisahau.

Kidonda kama hicho kioshe kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukiwa na kadi ya chanjo kama unayo. Usikizibe kwa tope, majani wala ugoro.

Mtoto mchanga anapataje pepopunda na hajawahi hata kutambaa?

Kupitia kitovu. Wembe usio safi, uzi uliookotwa, au kitovu kupakwa majivu, mafuta ya taa au kinyesi cha ng'ombe. Mtoto huzaliwa vizuri, hunyonya siku mbili za kwanza bila shida, halafu kati ya siku ya 3 na ya 28 anashindwa kunyonya, mdomo unabana, mwili unakaza. Wazee walipoiona hali hiyo walidhani mtoto ameingiliwa na kitu, na siwalaumu, kwa macho inaonekana hivyo hasa. Lakini mtoto huyo anatakiwa hospitali saa hiyohiyo.

Kinga yake huanza kabla hajazaliwa. Mama akichomwa chanjo ya pepopunda wakati wa ujauzito, kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto wiki za mwanzo. Baadaye mtoto hupata yake ndani ya chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, au kipakwe dawa ya klorheksidini pale kituo kinapoitoa. Tanzania imethibitishwa kuwa miongoni mwa nchi zilizoitokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, yaani chini ya mtoto mmoja anayeugua kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Spora hazijaondoka udongoni. Zimezuiwa na chanjo na uzazi safi, na vikiachwa ugonjwa unarudi.

Shikamoo daktari. Mama mkwe anataka kumlambisha mjukuu asali, mtoto ana wiki tatu. Anasema wote walilelewa hivyo. Nimkatalie?

Marahaba, mwanangu. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie.

Najua ni jambo gumu kulisema Tabora, mkoa ambao asali yake ya miombo inaheshimika nchi nzima na mgeni hatoki bila chupa yake. Asali yenyewe haina ubaya. Tatizo ni kwamba asali ya mahali popote duniani huweza kubeba spora za Clostridium botulinum, kwa kuwa nyuki hutua kwenye vumbi, maua na maji kama viumbe wengine. Ndani ya asali spora hazifanyi kitu, maana sukari ni nyingi mno na maji ni machache. Tumboni kwa mtu mzima nako hazipati nafasi, bakteria wenyeji wameshajaa. Utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 bado haujajaza wenyeji hao. Spora huweza kuamka humo, zikazaa bakteria, na sumu ikatengenezwa ndani ya mtoto mwenyewe. Ugonjwa huu wa watoto ulitambuliwa kwa mara ya kwanza California mwaka 1976.

Dalili ya kwanza huwa ni choo kufunga, jambo ambalo kila mzazi hulichukulia la kawaida. Halafu kilio kinafifia, kunyonya kunakuwa kwa shida, kope zinashuka, shingo inalegea kuliko ilivyokuwa wiki iliyopita. Ukiona mambo hayo yanafuatana usingoje, mpeleke hospitali ya Kitete au kituo kilicho karibu nawe, na utaje asali kama alipewa. Mhudumu asipoambiwa huenda asifikirie kabisa upande huo.

Kuipasha moto asali hakusaidii. Spora zinavumilia kuchemka kwa jikoni, na utakuwa umeiharibu asali bure. Mama mkwe mwambie amtunzie mjukuu chupa yake hadi atimize mwaka mmoja. Wengine wameniambia maneno hayo yalipokelewa vizuri kuliko kusema "daktari amekataza".

Mama anayenyonyesha je, ale asali?

Ale. Spora hazipiti kwenye maziwa ya mama. Anawe mikono tu kabla ya kumshika mtoto.

Dagaa wa Kigoma, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), na vyakula vya kopo: kipi ni cha kuogopa?

Botulizimu ya chakula huhitaji mambo manne yakutane: spora, unyevu, ukosefu wa hewa, na uchachu mdogo. Chakula kilichokaushwa vizuri kinakosa unyevu, kwa hiyo michembe, matobolwa na dagaa waliokaukia juani hadi wakakatika kwa mkono havimo katika orodha yangu ya hofu. Dagaa waliofungwa wakiwa mbichimbichi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, wakakaa kwenye joto la lori, hao siwezi kuwatetea.

Samaki wakubwa waliotiwa chumvi bila kutolewa matumbo ndio wana historia mbaya. Misri, mwaka 1991, watu 91 walilazwa na 18 kati yao walikufa baada ya kula faseikh, samaki wa kuvundikwa kwa chumvi anayeliwa wakati wa sikukuu. Ilikuwa botulinamu aina E, ambayo huhusishwa sana na samaki. Karibu zaidi na kwetu, Uganda mwaka 2008, wanafunzi wa shule ya bweni waliugua botulizimu aina A, na kilichoshukiwa ni kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Nawataja hao kwa makusudi, maana Tabora ni mji wa shule za bweni, na kila tranka la mwanafunzi lina chupa ya pilipili au kachumbari ya mafuta aliyoandaliwa na mama. Mafuta hufukuza hewa. Kitunguu saumu na pilipili hutoka na udongo. Kama unaandaa kiungo cha namna hiyo, tia siki ya kutosha au ndimu nyingi, kitunzwe kwenye baridi, na kiliwe ndani ya siku chache. Tranka la bwenini halina baridi, kwa hiyo mtoto achukue karanga za kukaanga.

Kopo lililovimba, linalotoa povu au kuruka likifunguliwa litupwe bila kuonjwa. Sumu yenyewe, tofauti na spora, haivumilii moto: chakula kikifika nyuzi 85 za Selsiasi hadi katikati yake kwa dakika tano au zaidi, sumu huharibika. Kuua spora kunahitaji nyuzi 121 chini ya mgandamizo, kazi ya mitambo ya kiwandani. Hata hivyo usichemshe kopo lililovimba eti uliokoe.

Mtu mzima akipata botulizimu anaonekanaje?

Mara nyingi saa 12 hadi 36 baada ya kula, anaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zinashuka, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana. Ulegevu unashuka kutoka usoni kwenda shingoni, mikononi, kifuani. Homa hana, na akili iko sawa. Wanaomzunguka hudhani amelewa au amepigwa na kiharusi. Kinachoua ni misuli ya kupumua kulegea.

Hospitali ina silaha mbili. Ya kwanza ni antitoksini, dawa ya kuidaka sumu inayoelea kwenye damu; sumu iliyokwisha kuingia ndani ya neva haigusi, hivyo kila saa ina thamani. Ya pili ni mashine ya kupumulia na uuguzi wa subira, wiki nyingi wakati mwingine, hadi neva zichipue ncha mpya na kuufikia msuli tena. Mgonjwa wa pepopunda naye hupewa kingamwili za kuidaka sumu, antibayotiki kama metronidazo, dawa za kulegeza misuli kama diazepamu, na chumba chenye utulivu na mwanga hafifu.

Nani aliwaza kuigeuza sumu kuwa dawa?

Daktari wa Ujerumani aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner. Miaka ya 1820 alichunguza watu waliokuwa wakifa baada ya kula soseji mbovu, akafikia hatua ya kuijaribu sumu hiyo mwilini mwake mwenyewe, jambo ambalo leo lingemfukuzisha kazi. Mwaka 1822 aliandika kwamba kwa kiasi kidogo sana ingeweza kutuliza neva zinazofanya kazi kupita kiasi. Hakuwa hata anajua inatoka kwa bakteria. Bakteria mwenyewe alipatikana baada ya mkasa wa Ubelgiji: Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles, wanamuziki wa bendi walikula paja la nguruwe baada ya kupiga mazishini, wengi wakaugua na watatu wakafa. Émile van Ermengem alimtoa bakteria kwenye nyama hiyo.

Wazo la Kerner lilisubiri zaidi ya miaka 150. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco alikuwa akitafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu. Makengeza mengi ni msuli mmoja wa jicho kuvuta kuliko mwenzake. Ukiulegeza kidogo huo unaovuta, jicho linarudi katikati. Alianza kwa nyani, akachoma wagonjwa wa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, na Desemba 1989 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe.

Leo inatumika kutibu nini?

Orodha imerefuka. Shingo inayojipinda yenyewe, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000. Jasho la kwapani la kupindukia, 2004. Kipandauso sugu, kile kinachomshika mtu siku 15 au zaidi kwa mwezi, 2010, na mwaka huohuo mkono uliokaza baada ya kiharusi. Kibofu kinachobana mkojo ukatoka bila taarifa. Udenda usiokoma. Jasho na udenda vimo kwa kuwa tezi za jasho na za mate nazo huamriwa na asetilikolini kama misuli. Zinazotumika hospitalini ni aina A na B tu.

Baba alipata kiharusi mwaka jana, ngumi imejikunja haifunguki. Hii sindano itamrudishia mkono?

Itaweza kumfungulia ngumi. Kumrudishia mkono ni ahadi kubwa kuliko inavyostahili, na yeyote anayekuahidi hivyo muulize maswali zaidi.

Baada ya kiharusi, ubongo hushindwa kuidhibiti misuli, na ile inayokunja hushinda ile inayokunjua. Mtaalamu huchoma dawa ndani ya misuli michache aliyoichagua, mara nyingi akiongozwa na altrasaundi. Dawa haifanyi kazi siku hiyo. Ulegevu huanza kuonekana ndani ya wiki mbili hivi, hufikia kilele kwenye wiki ya nne hadi ya sita, na hudumu miezi mitatu au minne. Neva ikishajitengeneza upya mkazo hurudi na sindano hurudiwa.

Muda huo wa miezi mitatu ndio mali. Ukiutumia kunyoosha kiganja kila siku, kumvalisha bangili ya kushikiza kifundo na kufanya mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia, unapata kiganja kinachooshwa, kucha zinazokatwa, shati linalovaliwa bila vita. Familia nyingi hizo ndizo shida zake za kila asubuhi, na ni nafuu ya kweli. Ukichoma sindano halafu ukamwacha amekaa kivulini, umetupa fedha, na si fedha kidogo. Neva ambazo ubongo umezipoteza haziamshwi na dawa hii.

Kama haiwezekani kuipata, usikate tamaa: baklofeni ya vidonge na mazoezi ya kunyoosha vipo kabla ya sindano na vinabaki muhimu hata baada yake. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu akamwangalie.

Mtoto wangu ana mtindio wa ubongo na anatembelea vidole. Inamfaa?

Inaweza kumfaa, hasa akiwa bado mdogo, kabla misuli ya shavu la mguu haijafupika moja kwa moja. Ikishafupika sindano haitairefusha. Hapo ni plasta, vifaa vya kushikiza mguu au upasuaji. Kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake, kwa hiyo usikubali mtu akisie.

Na ya makunyanzi? Kuna saluni wanachoma kwa bei nzuri.

Asili yake ni ileile. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, aligundua katika miaka ya 1980 kwamba wagonjwa wake wa kope walikuwa wakipoteza mikunjo ya paji la uso. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2002, na jina la Botox likazidi kuenea kuliko tiba zote nilizozitaja juu.

Anayetaka ni uamuzi wake, sina neno. Neno langu ni kwa saluni. Dawa hii husajiliwa, hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, huchanganywa na daktari na huchomwa na mtu anayejua kila msuli wa uso ulipo. Yuniti za kampuni moja si sawa na za kampuni nyingine, na hapo ndipo asiyejua huzidisha. Mwaka 2004, jimboni Florida, watu wanne walilazwa kwa botulizimu kamili, wakiwa kwenye mashine za kupumulia, baada ya kuchomwa sumu isiyosajiliwa iliyokuwa ya kazi za maabara. Bei nzuri uliyoambiwa ilitoka kwenye kichupa gani? Omba kukiona, angalia usajili wa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, na kama anakasirika, ondoka.

Nani asichomwe kabisa?

Mwenye ugonjwa wa kulegea misuli uitwao mayasthenia, mwenye maambukizi mahali pa kuchomwa, na aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyo. Wajawazito kwa kawaida huahirishiwa. Aliye kwenye sindano za jentamaisini aseme, kwa sababu dawa hiyo nayo hudhoofisha mawasiliano ya neva na msuli. Tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani inataka kila kifungashio kibebe onyo kwamba dawa inaweza kusambaa mbali na ilipochomwa. Ukishachomwa, ukaona kumeza ni shida, sauti inabadilika au pumzi inakata, hata ikiwa wiki zimepita, nenda hospitali.

Sumu ya pepopunda nayo ina faida yoyote?

Ina moja kubwa ambayo umeshaipata begani. Ikitibiwa kwa kemikali hupoteza ukali wake ila umbo linabaki. Hiyo huitwa toksoidi, nayo ndiyo chanjo ya pepopunda. Mwili huijua sura ya sumu kabla haujakutana nayo. Njia hiyo ilipatikana Ufaransa miaka ya 1920, baada ya Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato kuonyesha mwaka 1890 kwamba damu huweza kujifunza kuizima sumu hii.

Toksoidi hiyohiyo hubebeshwa vipande vya bakteria wengine ambao mwili wa mtoto mdogo hushindwa kuwatambua wenyewe. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina A iliyoanza Burkina Faso mwaka 2010 imebebwa hivyo, na chanjo mojawapo ya kisasa ya homa ya matumbo pia. Watafiti wanajaribu vilevile kutumia kile kipande kizito, kikiwa kimetenganishwa na kile kinachokata, kama chombo cha kupeleka dawa ndani ya uti wa mgongo, kwa kuwa njia kinaijua. Hilo bado ni la maabara.

Shemeji yangu aliugua pepopunda akapona. Anahitaji chanjo tena, au ameshapata kinga?

Anaihitaji. Kiasi cha sumu kinachotosha kumlaza mtu ni kidogo mno kuufundisha mwili kujikinga, kwa hiyo anaweza kuugua mara ya pili. Kama hakuanza dozi alipokuwa bado hospitalini, aanze sasa, arudi kwa ya pili baada ya wiki nne hivi, ya tatu baada ya miezi sita au zaidi, na kadi aiweke mahali asipoipoteza.